Mnyoo Mwekundu

Kompyuta kumi na moja zilishushwa Jumanne,
zimeviringishwa magunia, vumbi hadi ndani ya matundu.
Nne ziliwaka. Ya tano iliwaka kesho yake,
Mwalimu Shekalaghe alipoipiga kofi mgongoni
kama apigwavyo mtoto aliyepaliwa.

Kidato cha Pili B tulikuwa arobaini na nane.
Gawanyeni wenyewe.
Kiti kimoja, makalio mawili, vichwa saba nyuma yake,
na mlangoni karatasi: VUA VIATU, NAWA MIKONO.
Kule Mabokweni, kabla ya hapo,
tulizoea kuambiwa hivyo msikitini tu.

Wa kwanza kukaa alikuwa Mwanakombo Mbaruku.
Aliitafuta M kama mtu anayetafuta chawa
kwenye kichwa cha mgeni.
Akaipata. W ilikuwa mbali, safu ya juu,
A imejibanza ukutani.
Dakika nne, jina likatimia,
na papo hapo chini yake ukatambaa mstari mwekundu,
umejikunjakunja kama mnyoo.

"Mwalimu, nimekosea?"
Mwalimu akainama, akavua miwani, akaivaa tena.
"Hujakosea. Haikujui."

Basi tukataka kujua inajua nini.
Mabokweni: mnyoo.
Mkonge: mnyoo. Kisamvu: mnyoo.
Tukaiamkia, shikamoo,
haikuitika marahaba, ikatoa mnyoo.
Tukaandika Tanga.
Kimya. Peupe.
Tulishangilia kama Coastal imefunga bao,
mpaka Mwalimu aliposema neno hilo inalijua
kwa maana nyingine,
na hakutuambia maana gani.

Mwanakombo hakucheka. Alikuwa na lake,
amelibeba kichwani tangu nyumbani,
akaliandika kwa kidole kimoja, sisi tukimtajia herufi zilipo:

     Bibi yangu Mwanatumu, wa mkonge wa zamani,
     Vidole vyake adimu, viwili vi mashineni,
     Nane vikanikirimu, kunilisha utotoni,
     Leo kumi vyaandika, jina lako kiooni.

Ukurasa ukawa kama goti lililochubuka.
Mizani imetimia, vina vimekaa,
na kila neno lina jeraha lake chini.

Ndipo Mwalimu akamshika mkono uliokuwa na mausi:
"Bonyeza kulia. Teremka. Hapo.
Iambie iongeze kwenye kamusi yake."
Mwanatumu: mnyoo ukakatika.
Akaendelea, neno baada ya neno,
kama anachambua mchele wa shughuli,
vidole, viwili, nane, utotoni,
akafika *lako*, akafika *kioo*…

Luku ikaisha.

Tulisikia feni ya ndani ikivuta pumzi ya mwisho.
Kwenye kioo cheusi ulibaki uso wa Mwanakombo
na nyuso zetu saba juu ya mabega yake.
Kuhifadhi kulikuwa somo la Alhamisi.

Alhamisi umeme ulirudi. Shairi halikurudi.
Lakini alipoandika Mwanatumu
herufi zilisimama safi, hazina kitu chini,
kama mtu anayekuja barazani
akakuta jina lake linajulikana.
Alicheka peke yake. Mengine alikuwa nayo kichwani,
hayakuwahi kutegemea Luku.

Miaka miwili baadaye alikuja fundi kutoka Chumbageni,
akasema mashine zina virusi,
akazifuta zote kabla ya chai ya saa nne.

Leo mimi nina stesheneri Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Ninachapa wosia, barua za kuomba kazi, kadi za kitchen party.
Nimebadilisha mashine mara tatu.
Kila ikifika mpya, kabla sijaandika bei wala anwani,
naandika jina moja.
Mnyoo.
Nabonyeza kulia. Nateremka.

Hakuwa bibi yangu.
Sikuwahi hata kumwona.